Jibu kwa msomaji wa Mafinga: je, mazungumzo yanaweza kumsaidia mtu mzima anayevuta bangi?

Msomaji wetu wa Mafinga, mwenye umri wa miaka 38, mume na baba wa watoto watatu, anafanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao. Anaeleza kwamba alianza kuvuta bangi kijiweni akiwa kijana, na kwamba sasa huvuta msokoto mmoja alfajiri kabla ya kazi, mwingine mchana, na miwili au zaidi usiku "ili mawazo yatulie na usingizi uje". Anataja pia deni la pikipiki na maneno ya tajiri wake, na kwamba wenzake humshauri ajisafishe damu kwa mitishamba na maziwa. Amejaribu kuacha mara mbili. Mara zote mbili alikosa usingizi, akawa mkali kwa mke na watoto, akairudia kabla wiki haijaisha. Mhudumu wa zahanati alimshauri amtafute mwanasaikolojia, naye anauliza: "Hivi kuongea kunaweza kuondoa bangi kwenye damu? Hakuna vidonge? Na ni lazima niache kabisa, au naweza kupunguza tu?"

Kamwene, ndugu yangu. Nashukuru kwa barua uliyoiandika bila kujificha, maana hata idadi ya misokoto umeitaja, jambo ambalo wengi hulikwepa hadi wanapokaribia kutoka mlangoni kwetu.

Nianze na vidonge, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hadi sasa hakuna dawa ya hospitali iliyothibitishwa kuwa inatibu uraibu wa bangi. Methadoni inayotolewa katika kliniki kama ile ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni kwa waraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo, na haina kazi kwa mtu wa bangi. Daktari anaweza kukupa dawa kwa ajili ya tatizo linaloambatana na bangi, kwa mfano sonona, lakini dawa hiyo itakuwa ya sonona. Kwa hiyo tiba ya mazungumzo, ambayo watu huidhania kuwa ni faraja apewayo mgonjwa pale dawa inapokosekana, kwa upande wa bangi ndiyo tiba yenyewe.

Kuhusu damu, usijisumbue. Kemikali kuu ya bangi, iitwayo THC, huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, ndiyo maana mvutaji wa kila siku anaweza kupimwa mkojo mwezi mzima baada ya kuacha na bado ikaonekana. Lakini inatoka yenyewe. Mwili wako hauhitaji kuoshwa kwa dawa za mitishamba wala kwa maziwa, kama unavyoshauriwa na wenzako. Kinachohitaji kazi ni kile kinachokurudisha kwenye msokoto wakati mwili umekwisha kuanza kujisafisha.

Je, tiba hiyo inafanya kazi? Inafanya, ingawa si kwa kila mtu, na ni haki yako kupewa hesabu kamili kabla hujatumia nauli yako. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika miji mitatu ya Marekani kwa watu wazima 450 waliokuwa wakivuta karibu kila siku. Kundi moja lilipewa vikao tisa vya tiba ya mazungumzo, kundi la pili vikao viwili, na la tatu liliwekwa kwenye orodha ya kusubiri kwa miezi minne. Miezi minne ilipokwisha, waliokuwa wameacha kabisa walikuwa takriban 23 katika kila 100 kwa kundi la vikao tisa, 9 kwa kundi la vikao viwili, na 4 kwa waliokuwa wakisubiri. Wengine wengi katika makundi mawili ya mwanzo hawakuacha, lakini walipunguza, na matatizo yaliyotokana na uvutaji yakapungua pia. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyokusanya tafiti 23 zenye washiriki zaidi ya 4,000 yalifika mahali hapo hapo: tiba hizi hupunguza uvutaji, vikao vingi kidogo ni bora kuliko kikao kimoja au viwili, ila walioacha moja kwa moja bado ni wachache. Mtu akikuahidi kwamba atakuondolea bangi kwa uhakika ndani ya wiki moja, awe na koti jeupe au kibuyu, mshukuru na uondoke.

Jambo lililonivutia zaidi katika utafiti ule wa watu 450 si hesabu ya walioacha. Watafiti waliporudi kuchunguza ni nini hasa kilichowasaidia waliofanikiwa, waliona mambo mawili: kwanza, mtu kuwa na njia anazozitumia kweli pale hamu au dhiki inapomjia, pili, mtu kuamini kwamba ana uwezo wa kukataa hata akiwa mahali pagumu. Imani hiyo haiji kwa kuhubiriwa. Huja baada ya mtu kukataa mara moja, akaona kwamba jua limekuchwa na bado yu hai, kisha akakataa tena. Kwa hiyo, ukiniuliza mwanasaikolojia atafanya nini nawe, nitakujibu kwamba kazi yake ni kukutengenezea nafasi ndogo ndogo za kushinda, na kuzipanga ili usianze na ile ngumu kuliko zote.

Sasa tazama maisha yako kama ulivyoyaeleza. Msokoto wa alfajiri unakuondolea baridi na uzito wa kuianza siku. Wa mchana unakupunguzia uchovu na kelele za msumeno. Ile ya usiku inakunyamazishia mawazo ya deni la pikipiki na maneno ya tajiri wako, kisha inakulaza. Hii ni misokoto minne yenye kazi nne tofauti, na ndiyo sababu jaribio lako la kuacha yote kwa siku moja, bila kuweka chochote mahali pake, lilikuwa zito mno. Simaanishi kwamba bangi inazifanya kazi hizo vizuri. Kwa mvutaji wa kila siku, sehemu kubwa ya utulivu anaoupata jioni ni kuondolewa tu kwa dhiki iliyoletwa na bangi ya jana kupungua mwilini. Lakini mtaalamu asiyeheshimu ukweli kwamba bangi inakufanyia kitu fulani atakuwa anapigana na kivuli, nawe utamkubalia kwa mdomo na kurudi kijiweni jioni ile ile.

Vikao vya kwanza, viwili au vitatu hivi, havitahusu kuacha hata kidogo. Vitahusu kama unataka, na kwa nini. Njia inayotumika ilianza kuelezwa na mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye William Miller mwaka 1983, alipokuwa akishughulika na walevi wa pombe, akaona kwamba kadiri mshauri anavyobishana na mlevi ndivyo mlevi anavyozidi kutetea pombe. Kwa hiyo mtaalamu aliyefunzwa vema hatakukaripia. Pengine atakuuliza: kutoka sifuri hadi kumi, kuacha bangi kuna umuhimu gani kwako leo? Tuseme utajibu nne. Hatakuuliza kwa nini si tisa, kwa sababu hapo ungeanza kumtajia visingizio. Atakuuliza kwa nini umesema nne na si moja, halafu atanyamaza akusikilize, na katika kujibu utajikuta unataja mwenyewe mambo ambayo mkeo amekuwa akikuambia kwa miaka: binti anayekaa mbali nawe kwa sababu ya harufu, kidole kilichonusurika kwenye msumeno, fedha. Sababu aliyoitamka mtu mwenyewe hukaa naye kuliko aliyopewa na mwingine.

Baada ya hapo ndipo kazi ya mikono inapoanza, na hapa nakuomba uachane na picha ya mtu aliyelala kwenye kochi akisimulia utoto wake. Fundi hajifunzi kupiga randa kwa kusikiliza hotuba, na stadi hizi pia hufanywa, hukosewa, hurudiwa.

Utapewa daftari. Kila unapovuta, au unapotamani kuvuta, unaandika saa, mahali ulipokuwa, ulikuwa na nani, ulikuwa unawaza nini, hamu ilikuwa kali kiasi gani, na ulifanya nini. Linaonekana jambo la kitoto, na wanaume wengi hulidharau wiki ya kwanza. Wiki ya pili ukurasa huanza kuonesha mambo yaliyokuwa wazi siku zote. Katika daftari la mtu wa kazi kama yako unaweza kukuta mlolongo wa namna hii: saa kumi na moja jioni mashine imezimwa, tajiri amesema malipo ni wiki ijayo, kifua kimebana, njia ya kwenda nyumbani inapita nyuma ya gereji wanapokaa wenzako, mkono uko mfukoni tayari umeshika kiberiti kabla hata akili haijaamua. Mtaalamu atauchukua mlolongo huo na kuukata vipande, kisha atakuuliza ni kipande gani kinavunjika kirahisi kuliko vingine. Kwa kawaida si kile cha mwisho. Ni rahisi zaidi kupita barabara nyingine kuliko kukaa kijiweni na kukataa, na ni rahisi zaidi kutotembea na kiberiti kuliko kukitazama.

Lakini kuna siku utakutana nao tu, kwa hiyo kukataa pia hufundishwa, na hufundishwa kwa kuigiza. Mtaalamu anakuwa rafiki yako. Anakuambia, "Oya, puli moja tu, siku yenyewe baridi hii." Wengi hujibu kwa kuinama na kusema, "Leo sijisikii vizuri," jibu ambalo humwalika mwenzako arudi kesho. Mnarudia. Unamtazama usoni, unasema, "Nimeacha, kaka, usinipe tena," halafu unabadilisha mazungumzo au unaondoka. Mnarudia mpaka maneno yatoke bila kutetemeka. Watu hucheka kwenye zoezi hili, nami sioni ubaya wowote.

Kuhusu hamu yenyewe, watu wengi hawajui kwamba hupanda, hufika kileleni na kushuka hata usipovuta, kwa kuwa hawajawahi kuisubiri hadi mwisho wake. Mara nyingi huwa haidumu nusu saa. Utafundishwa kuitazama bila kupigana nayo: inakaa wapi mwilini, inaongezeka au inapungua, na mikono yako ifanye nini wakati huo. Utafundishwa pia kushughulikia hasira, kwa sababu kwa maelezo yako hasira ndiyo iliyokuaibisha mara mbili zile, na kutatua tatizo kwa hatua: kutaja tatizo moja mahususi, kuorodhesha njia zote hata za kijinga, kuchagua moja, kuijaribu, kuipima. Deni la pikipiki halitibiki kwa kuvuta pumzi ndefu, ila kwa kwenda kuzungumza na anayekudai ukiwa na mpango mkononi.

Na usiambiwe kwamba hii ni tiba ya Wazungu. Huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha wahudumu wa afya wa mitaani, wengi wao wakiwa bibi, kutumia mbinu hiyo ya kutatua matatizo wakiwa wamekaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha watu 573 ulionesha kwamba sonona na wasiwasi vilipungua zaidi kwa wagonjwa wa benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Haukuwa utafiti wa bangi, lakini unatosha kuonesha kwamba kuzungumza kwa utaratibu kunatibu Waafrika pia, tena bila jengo la fahari.

Nirudi kwenye majaribio yako mawili, kwa sababu naona unajihesabia kuwa umeshindwa kwa udhaifu. Kilichokupata ni arosto ya bangi, yaani taabu inayompata mtu anapokatiza kilevi alichokizoea. Wapo wanaobisha kwamba bangi haina arosto, lakini tangu mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani unaitambua rasmi: hasira za haraka, wasiwasi, kutotulia, kukosa hamu ya kula, huzuni, jasho, kichwa kuuma, na kukosa usingizi. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuacha, hufikia ukali wake ndani ya wiki ya kwanza, na nyingi kati ya dalili hizo hupungua baada ya wiki mbili hivi. Ina maana kwamba mara zote mbili ulirudia ukiwa kwenye siku ngumu kuliko zote, pengine zikiwa zimebaki siku chache tu uanze kuona unafuu. Usingizi ndio unaochelewa, na unaweza kusumbua mwezi mmoja au zaidi, pamoja na ndoto nyingi na kali, kwa sababu bangi huibana sehemu ya usingizi yenye ndoto, na ikiondoka ndoto hurudi kwa wingi. Ndoto hizo si dalili ya kurogwa.

Usingizi una stadi zake. Amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala, hata Jumapili. Usilale mchana. Acha chai na kahawa baada ya saa nane. Ukikaa kitandani macho makavu kwa muda unaouona kuwa kama dakika 20, inuka, kaa mahali penye mwanga hafifu hadi usingizi uje, ndipo urudi. Kitanda kisiwe mahali pa kuhesabu madeni. Kwa baridi ya Mafinga ya mwezi wa sita na wa saba najua ninakuomba jambo gumu, kwa hiyo weka blanketi na sweta karibu kabla hujalala. Usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa kuelekezwa na rafiki, maana baadhi yake vina uraibu mbaya kuliko wa bangi.

Pia uwe mwangalifu na ulanzi, pombe ya mianzi. Majira ya mvua, mianzi inapotoa, nimeona wanaume waliojisifu kwamba wameacha bangi, kumbe wamehama tu: ile kazi ya usiku imepewa lita mbili za ulanzi au komoni. Kama unachanganya bangi na tumbaku, mwambie mtaalamu wako mapema, kwa sababu utakuwa na nikotini ya kushughulika nayo pia.

Kuacha kabisa au kupunguza? Kupunguza ni shabaha halali, na tiba haikufukuzi kwa kuichagua. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza alfajiri na kumaliza usiku, maoni yangu ni kwamba ujaribu kwanza kusimama kabisa kwa wiki nne. Tafiti za ubongo zinaonesha kwamba ndani ya takriban muda huo vipokezi, yaani zile sehemu za ubongo ambazo bangi hujishika nazo, hurudi karibu na hali yake ya kawaida, kwa hiyo baada ya hapo ndipo utaweza kuamua ukiwa na akili tulivu. Kupunguza kunadai uamuzi mpya kila saa: huu ni wa pili au wa tatu, leo nina haki au sina. Ukishindwa kusimama, anza na msokoto wa alfajiri, kwa sababu ndio unaokupeleka kwenye msumeno ukiwa umelewa.

Ukiteleza, na wengi huteleza, jihadhari na wazo linalofuata kuliko msokoto wenyewe. Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyetumia miaka mingi kuchunguza watu wanaorudia ulevi, aliona kwamba kinachogeuza puli moja kuwa mwezi mzima wa kuvuta ni mtu kujiambia, "Basi, nimeshaharibu." Puli moja ni habari ya kuandika daftarini: saa ngapi, wapi, nini kilitangulia. Kikao kinachofuata mnaanzia hapo, na mtaalamu mzuri hatashangaa.

Mkeo anaweza kusaidia sana, ila asiwe polisi wa kukunusa kila jioni. Mwombe mambo mawili tu: akushike fedha ambazo zingenunua kete, mziweke kwenye kibubu mlichokubaliana matumizi yake, na akuvumilie kwa maneno katika zile wiki mbili za kwanza akijua kwamba ukali huo una mwisho. Katika tafiti nilizozitaja, kuongeza zawadi ndogo kwa aliyeacha kulisaidia. Kibubu si kitu kile kile, lakini kinaelekea huko. Kama mnaenda kwenye maombi, endeleeni. Mtaalamu hagombanii nafasi na mchungaji.

Wanasaikolojia ni wachache katika nchi yetu na sitakudanganya kwamba kila wilaya anapatikana mmoja. Anzia hospitali ya mji hapo Mafinga, uulize huduma ya afya ya akili. Wakikosa mtu, omba rufaa ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Iringa, ambako ni safari ya basi isiyozidi saa mbili kwa barabara kuu, au Mbeya. Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi liitwalo ASSIST ambalo hata muuguzi aliyefunzwa anaweza kulitumia kukupima na kukupa ushauri wa kwanza. Unaweza pia kupiga namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bila malipo, ukaelekezwa. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2015 inaifanya bangi kuwa kosa, kuitumia na kuwa nayo, na najua hofu hiyo huwazuia wengi kufungua mdomo. Unayomweleza mtaalamu wako kuhusu uvutaji wako yanalindwa na maadili ya kazi yake; muulize waziwazi katika kikao cha kwanza usiri huo unaishia wapi, naye anapaswa kukujibu waziwazi.

Hali chache hazisubiri vikao. Ukianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukaamini kwamba watu wanakufuatilia, au ukawa na mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo pamoja na mtu wa kukusindikiza. Kama katika ukoo wenu yupo aliyewahi kuugua ugonjwa mkubwa wa akili, mwambie daktari mapema, kwa kuwa kwa mtu kama huyo sishauri kupunguza, nashauri kuacha. Kama huna lolote kati ya hayo, nunua daftari dogo la kuingia mfukoni, anza kuandika kesho alfajiri kabla ya msokoto wa kwanza, na uende nalo siku ya kikao hata kama kurasa zake zinakuaibisha.